Paa Yetu Haisuguliwi

"Hapana, Anko, sijasema hii nyumba inaua watu. Nimesema paa isisuguliwe. Hizo ni vitu mbili tofauti."

"Tofauti wapi?" Anko hakuwa hata ananiangalia. Alikuwa anatoa brashi za waya kwa karatasi ya hardware, anazipanga kwa meza ya Mum kama vijiko vya wageni. "Mama yako amewalea hapa chini. Nyanya yako alizeekea hapa chini. Niambie basi, kuna mtu tulizika juu ya paa?"

"Wote walikaa chini yake, Anko. Hakuna mwenye alipanda huko na brashi ya waya."

"Ndio maana imekuwa chafu!"

Watu wakacheka. Hiyo ndio shida ya kubishana na Anko, anajua kuchekesha. Ni kaka ya Mum, na ndiye mwenyekiti wa kila kitu kwa familia yetu. Kukiwa na mazishi ni yeye, kukiwa na harusi ni yeye, na Jumamosi hii ndiye msemaji wetu wakwe wakikuja kuongea mambo ya mahari ya sister yangu.

Wakwe wenyewe hawatoki mbali. Wazazi wa shemeji walikuja kutoka upande wa Mwingi kitambo, wakajenga mtaa wa Satellite, na kutoka kwetu Kabiria unatembea tu mpaka huko na hutokwi jasho. Lakini mkwe ni mkwe, hata kama mnanunua maziwa kwa duka moja. Akikuja, boma lazima ing'ae. Nyasi tayari imekatwa. Choo imepakwa rangi. Hata kuku wa Mum wamefungiwa, ati wanachafua kiwanja.

Imebaki paa. Ni ile ya zamani, ya mawimbi, kijivu, nzito, si mabati. Imeshika kuvu mpaka inakaa kama blanketi. Na Anko ameamua: kesho Ijumaa asubuhi vijana wa ploti, wa wapangaji wetu, wanapanda, wanaisugua na waya mpaka itoe weupe, halafu inapakwa maroon. Na inasuguliwa kavu, kwa sababu ikilowa rangi haitashika kabla ya Jumamosi. Shemeji mwenyewe ndiye alileta ngazi. Yeye hufungia watu intaneti kwa manyumba, kwa hivyo ako na ile ngazi ya aluminiamu ya kukunja. Ameiacha imeegemea ukuta wa jikoni, na Anko kila akipita anaigusa akisema, "Huyu kijana ni mkwe wa maana."

Sasa mimi ndio nimesimama kati ya hiyo ngazi na hiyo paa, na kila mtu ananiona kichwa ngumu.

Niseme venye nilijua. Mimi nilimaliza form four, sikuendelea. Nafanya kazi Upper Hill, nakaribisha watu kwa ofisi moja: karibu, andika jina hapa, keti hapo, utaitwa. Jengo letu ni ya zamani, fupi, imebanwa na maghorofa za vioo. Nyuma kuna stoo yenye dari imeanza kuanguka, na wenye jengo walikuwa wanataka kuibomoa. Lakini kabla fundi aguse, walileta mwanamke mmoja kuipima.

Alikuja na mkoba kama wa msusi. Akatutoa wote karibu na hiyo stoo, akasema feni izimwe, akafunga madirisha, akabandika mlango na selotepu. Mimi nilikuwa nachungulia kwa kioo. Akavaa ovaroli ya karatasi na maski, si hizi za bluu za dukani, ile ya mpira inakamata uso kabisa. Akanyunyizia dari maji na chupa ya kunyunyizia, kama ya saluni. Akakata kipande ndogo kama kucha ya kidole gumba. Akakiweka kwa mfuko, akafunga, mfuko ukaingia kwa mfuko mwingine, akafunga tena. Akapangusa kila mahali na kitambaa yenye maji, na hiyo kitambaa pia ikaingia kwa mfuko. Mwisho akaziba pale alikata.

Alipotoka nikamuuliza, "Madam, kwani ni bomu?"

Akacheka. "Inaweza kuwa asbesto."

"Ni yenyewe ama si yenyewe?"

"Sijui. Ningekuwa najua singekuja."

Sijawahi sikia mtu mwenye amesoma akisema sijui bila aibu hivyo. Nikamfuata mpaka kwa gari yake nikimuuliza maswali, na hakunichoka. Akaniambia asbesto ni nyuzi ndogo sana zenye watu walikuwa wanachanganya na simiti kitambo, ndio paa na dari zikuwe ngumu na zisishike moto. Ikiwa imeshikana na haisumbuliwi, kawaida haina noma sana. Noma ni kuivunja, kuitoboa, kuisugua. Hapo nyuzi zinapaa, unavuta, zinakaa kwa mapafu. Na ugonjwa wake hauna haraka, unaweza kungoja miaka na miaka.

"Sasa mtu anajuaje kwa macho?"

"Kwa macho unashuku tu. Paa ya zamani, ya mawimbi, kijivu, nzito, ikivunjika ukingo unakaa kama umetoa manyoya. Shuku. Lakini kujua ni labu, chini ya maikroskopu. Na mpaka labu iseme, unaichukulia kama ndiyo."

Ya zamani, ya mawimbi, kijivu, nzito. Alikuwa ananichorea nyumba yetu.

Hiyo jioni nilifika nyumbani nikasimama kwa geti kama mgeni. Hebu mnielewe, hiyo paa si kitu ya kudharau. Nyanya akiijenga, majirani wote walikuwa na mabati, na mvua ikinyesha walikuwa wanakuja kwetu kuongea, kwa sababu kwao hamsikizani na kwetu mvua haipigi kelele. Mchana ikiwaka jua, kwetu kuna baridi. Mum alinilaza chini ya hiyo paa nikiwa mdogo na hakuna radi ilinitoa usingizi. Ninaipenda. Ndio maana nakasirika.

Nikaanza kuangalia chini badala ya juu. Upepo uliwahi kuvunja pembe moja upande wa jikoni, na hakuna mtu kwetu hutupa kitu. Jiko ya makaa imekalia kipande. Watoto wa wapangaji wanachora miraba ya kuruka kwa simiti na vipande vidogo, vinaandika vizuri kushinda chaki. Na kwa bafu, kwa kadirisha, kuna jiwe ya Mum ya miguu.

Si jiwe. Ni kipande cha paa. Mum huitumia kusugua visigino tangu nijue kuoga mwenyewe. Imeisha upande mmoja mpaka imeshika shepu ya kisigino chake. Nilikuwa nimeiona kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kuiona.

Yule mwanamke alirudi Upper Hill kuchukua sampuli zingine. Nikamngoja kwa mlango.

"Usipande juu," akaniambia kabla nimalize. "Na usivunje kitu. Hiyo ni kazi ya mtu amefunzwa. Hakuna kipande imevunjika tayari?"

"Iko. Mum anasugua nayo miguu."

Akaacha kutafuta funguo. "Anasugua nini?"

"Visigino."

"Ikiwa kavu ama kwa maji?"

"Akiwa ameloweka kwa beseni."

"Basi mshukuru Mungu kwa hiyo beseni, maji inashika nyuzi zisipae," akasema. Akanionyesha venye nitafanya, pole pole, akinirudisha nyuma nikiruka kitu. Akakubali atapeleka na zake labu. Majibu ni wiki ijayo.

Wiki ijayo. Wakwe ni Jumamosi.

Nilifanya venye aliniambia. Nilitoa watoto wote nje mpaka kwa geti, nikavaa glavu na maski yenye alinipatia. Nikailowesha jiwe na maji ya sabuni hapo hapo kwa kadirisha kabla niiguse. Mfuko, mfuko mwingine, nikaandika imetoka wapi, nikampelekea yule mwanamke. Vile vipande vya watoto na kile cha jiko pia nikavilowesha, nikavifunga mara mbili, nikaviweka nyuma ya choo mahali mtu hapiti. Nikapangusa kadirisha na kitambaa yenye maji. Sikufagia. Alikuwa ameniambia usifagie kama unajipenda.

Mum aliingia kuoga. Akatoka na leso tu.

"Nani amechukua jiwe yangu?"

"Ni mimi, Mum."

"Iko wapi?"

"Nimeipeleka ipimwe."

"Umepeleka jiwe yangu ya miguu labu?" Akasema hivyo akiangalia ukuta, kama ukuta utamjibu. "Wewe mtoto uko sawa? Jumamosi nitavaa viatu vya wazi mbele ya wakwe, visigino vyangu vinakaa kama barabara ya Kabiria, na wewe umepeleka jiwe hospitali?"

"Si hospitali, Mum. Na nitakununulia ingine dukani."

"Ya dukani haishiki."

Hakuniongelesha mpaka chai ya asubuhi. Sister yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilifikiri ako upande wangu. Alikuwa anacheka jiwe tu.

Sasa turudi kwa leo, kwa hiyo meza na brashi. Anko alipoona sijakaa chini, akasema atamaliza hii maneno mara moja. Akatoka nje. Akarudi na kipande. Sijui nilikiachaje, labda kilikuwa chini ya banda ya kuku. Kikavu kabisa.

"Mimi nimefanya mjengo kabla wewe uzaliwe," akasema. "Asbesto inapimwa hivi." Na kabla nimfikie akavunja ukingo, hapo kwa meza, tap, kama biskuti. Akausaga kati ya vidole. "Asbesto iko na nywele. Mnaona nywele?" Akaonyesha kila mtu vidole vyake. Halafu akatoa kiberiti, akawasha, akashikilia kipande juu ya moto. "Na harufu ni ya simiti. Haijashika moto. Kwa hivyo ni simiti. Imeisha."

"Anko, asbesto ndio haishiki moto! Na simiti haishiki moto! Hata hiyo kikombe haishiki moto! Sasa umepima nini?"

Hapo hakuna mtu alicheka, kwa sababu ilikuwa ukweli. Lakini mimi nilikuwa naangalia vumbi. Ilikuwa kwa kitambaa ya meza, kwa mkono wa koti yake, kidogo tu, kama unga. Mtoto wa sister yangu alikuwa ameweka kidevu kwa meza, anaiangalia na mdomo wazi. Nikamvuta, nikachukua jagi ya maji nikamwaga yote. Kwa meza, kwa kipande, kwa mkono wa Anko. Ikateremka mpaka kwa viatu vyake vya kanisa.

"Wewe msichana!"

"Usipanguse na mkono, Anko. Vua koti hapo hapo, usiikung'ute."

"Unanimwagia maji? Mimi? Mbele ya watu?"

"Ndio. Na ingekuwa kavu ningemwaga tena."

Sitasema vile alisema baada ya hapo. Alisema shule imeniharibu, na akasema kwa sababu sikusoma zaidi ndio sijui kitu, zote mbili kwa pumzi moja. Nikatoa kila mtu nje. Nikafunga kitambaa ya meza, ikiwa imelowa, kwa mifuko miwili pamoja na kile kipande, nikapangusa meza na sakafu. Nilipangusa kila kona.

Nje, Anko akakuja na swali yake ya mwisho, na ndiyo ilikuwa kali.

"Labu imesema ni asbesto?"

"Bado."

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui."

"Mmesikia?" akaambia watu. "Hajui! Anasimamisha shughuli ya watu wazima na hajui!"

"Ndio, sijui! Na wewe hujui! Hiyo ndio sababu haisuguliwi! Ukisikia nyoka kwa nyasi, unaingiza mkono kwanza ndio ujue ni gani?"

"Vijana watakuja asubuhi," akasema. "Na watapanda." Akatoka na soksi zimelowa. Brashi akaziacha.

Sister yangu alinifuata nyuma ya nyumba. Alikuwa amelia.

"Unataka kuniharibia?"

"Aki, nani? Mimi?"

"Ulingoja Jumamosi yangu ndio ukumbuke paa?"

"Sikungoja. Nimejua wiki hii."

"Si ungejua wiki ijayo?"

Hiyo iliniuma kwa sababu na mimi nilikuwa nimeitamani. Nikamwambia wakisugua hiyo kitu kavu, vumbi itaanguka kwa kiwanja yote, kwa nguo zimeanikwa, kwa hizo masufuria za Jumamosi, na mtoto wake atacheza ndani yake akiichora na kidole. Na hao vijana wenye watapanda ni wa hapa hapa kwa ploti, tunawajua na mama zao. Watavuta asubuhi yote na hakuna mtu amewaambia. Paa ikiwa chafu, wakwe wataangalia mara moja wasahau. Vumbi haisahau.

"Mama yake ni mtu wa kuangalia sana," sister akasema. "Hujui yule mama. Ataona hiyo kuvu aseme hatukujiandaa."

"Basi aone."

"Ni rahisi kwako. Si wewe unaolewa." Akaenda ndani. Lakini nikamuona kwa kamba, anaanua nguo za mtoto.

Mum alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Nikakaa kwa kale kastuli. Alikuwa ameweka miguu kwa beseni, anajaribu ile jiwe ya dukani nilimletea.

"Haishiki," akasema.

"Pole, Mum."

Akasugua kidogo. "Ile ingine itarudi?"

"Haitarudi. Hata kama si asbesto, usiitake."

Nje kulikuwa kunaanza kunyesha, manyunyu, na kwa paa yetu huwezi sikia. Unajua tu kwa sababu ploti ya jirani mabati imeanza kelele. Mum akainua kichwa kama kila siku, akiifurahia.

"Mama yangu alikuwa anasema hii paa ina adabu," akasema. Halafu, kama anaongea na maharagwe: "Anko wako haogopi hiyo ugonjwa yako. Anaogopa yule mama wa Satellite. Huyo mama angesema paa haimsumbui, Anko angesema hata yeye hakuwa anataka kuisugua."

"Si wewe umwambie?"

"Mimi ni mama ya bibi harusi. Naanzaje kuongea na wakwe kabla ya siku? Itaonekana tunaomba kitu."

"Na mimi?"

Akaniangalia. "Wewe hata hufai kufika kwa geti yao. Unajua hivyo."

Najua. Mdogo wa bibi harusi hatembei kwa wakwe kabla ya mahari kuongewa, kwetu wala kwao. Anko atasema nimeuza familia. Sister hataniongelesha labda mpaka harusi. Lakini Mum hakusema nisiende. Alisema najua. Akarudi kwa maharagwe, na nilipotoka akaniambia tu mvua ikiisha ile ngazi isiachwe nje, ni ya watu.

Ni ya watu kweli. Ni ya shemeji. Na kitu ya watu hurudishwa kwao, hiyo hata Anko hawezi kataa.

Brashi nimezifungia kwa sanduku yangu. Zinaweza kununuliwa zingine, najua, hardware inafungua mapema. Lakini ngazi ingine ya kufika huko juu hakuna hapa karibu, na bila ngazi hakuna mtu anapanda. Hiyo inanipatia asubuhi moja. Yule mama atanipatia zingine, ama atanifukuza, na nikifukuzwa nitarudi nisimame chini ya hiyo ukuta nimwambie kila kijana mmoja mmoja kile anaenda kuvuta.

Kwa hivyo kesho, kabla hao vijana waamke, nakunja hiyo ngazi, naiweka kwa bega, na ninashuka nayo mpaka Satellite nikionwa na kila mtu. Nitabisha. Mama ya shemeji akifungua nitamsalimia na heshima yote, nitamrudishia ngazi ya mtoto wake, halafu nitamwambia na mdomo wangu: Mama, paa yetu ni chafu, na Jumamosi mkikuja mtaikuta chafu, na mimi ndio nimekataa isuguliwe.